Mwendo wa Sidi Mubarak Utuondoe Vitini

Njia itokayo Tabora, ikapita Nzega na Shinyanga hadi kufika Mwanza, leo ni ya lami, na mtumishi wa Serikali aliyeketi ndani ya gari huimaliza kwa saa chache bila ya unyayo wake kugusa vumbi. Katika mwezi wa Julai 1858 msafara mdogo ulipita pande hizo hizo kwa miguu, na ukatumia zaidi ya wiki tatu. Miongoni mwa wasafiri wale alikuwamo mtu mfupi wa kimo, mwingi wa maneno na mwepesi wa kucheka, Myao kwa asili na mkazi wa Unguja. Jina lake lilikuwa Sidi Mubarak, na ulimwengu ulimwita Bombay.

Vitabu vilivyoandikwa na wageni humtaja kwanza Mwingereza John Hanning Speke, kisha humtaja Sidi Mubarak kama mtu anayetaja chombo kilichotumika. Sisi leo tunaligeuza simulizi hilo, na tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni haki ya historia. Sababu ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyotusukuma kushika kalamu, ni afya ya wananchi, na kwa namna ya pekee afya ya watumishi wa umma na ya ndugu zetu wa visiwani, ambao miguu yao imeanza kulala usingizi huku mioyo yao ikilemewa.

Sidi Mubarak alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Alipokuwa mtoto wa miaka kama 12 hivi, wawindaji wa watumwa walikivamia kijiji chao wakamchukua. Safari yake ya kwanza ndefu, basi, ilikuwa ya kuswagwa hadi Kilwa, na huko aliuzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyemvusha bahari hadi India. Huko ndiko alikopewa jina la Mubarak, na huko ndiko Waafrika walikokuwa wakiitwa Sidi. Alijifunza Kihindustani, akatumika miaka mingi, na bwana wake alipofariki akapata uhuru wake. Alirejea Afrika ya Mashariki, akajiandikisha katika jeshi la Sultani wa Unguja, naye akapangwa katika ngome ndogo ya bara, nyuma ya pwani ya Tanga.

Hapo ndipo Richard Burton na Speke walipomkuta mwanzoni mwa 1857. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha, lakini alikijua Kihindustani, na kwa lugha hiyo waliweza kuelewana. Katikati ya mwaka huo msafara uliondoka pwani, mwezi wa Novemba ukafika Kaze, ambako leo ni Tabora, na Februari 1858 ukafika Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa hoi kwa maradhi ya miguu, na sehemu za njia ilibidi abebwe. Speke aliugua macho. Sidi Mubarak aliendelea kwenda.

Waliporudi Kaze, Burton alibaki kupumzika, na Speke akaelekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak. Walipita nchi ya Wanyamwezi, wakaingia Usukumani, wakavuka pori la Nindo na kupita Salawe, majina ambayo msomaji wa Shinyanga anayafahamu bila ya kuhitaji ramani. Agosti 3, 1858, walilitazama ziwa kutoka kilimani karibu na Mwanza. Speke alilipa jina la malkia wake, ingawa Wasukuma, Wakerewe na Wazinza walikuwa wamelivua na kulisafiria tangu enzi za mababu. Kwa hesabu ya msafara, kutoka Kaze hadi ziwani zilikuwa maili zipatazo 226, ambazo ni zaidi ya kilometa 360 kwa njia ile ya kuzungukazunguka. Tukizigawa kwa siku walizotumia, pamoja na siku za mapumziko, tunapata kama kilometa 14 kwa siku. Tunamwomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwani tutairudia.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii akiwa na James Grant, na Sidi Mubarak alikuwa tena miongoni mwa wakubwa wa msafara. Kutoka Kaze walipita Msalala, kisha wakaingia Uzinza, yaani nchi ile ambayo leo imegawanyika katika mikoa ya Geita, Mwanza na Kagera. Walikawia huko miezi mingi kwa sababu ya vita vya watemi, hongo, ukosefu wa wapagazi na maradhi mazito ya Speke. Hatimaye walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanika, wakaenda Buganda kwa Kabaka Mutesa, na mwaka 1863 wakatokea Sudan na Misri. Sidi Mubarak na wenzake waliobaki walirejeshwa Unguja kwa meli. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha. Hatuna budi kusema pia kwamba katika safari hiyo Speke alimpiga ngumi za uso mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza, na miaka kumi baadaye Stanley naye alimchapa fimbo. Nishani na fimbo vilitoka katika mkono ule ule.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimwajiri Unguja awe mkuu wa askari wa msafara uliomtafuta Daktari Livingstone, na Novemba ya mwaka huo walimkuta Ujiji. Mwaka 1873 Sidi Mubarak alifunga safari ya mwisho na iliyo ndefu kupita zote, pamoja na Verney Lovett Cameron. Waliondoka Bagamoyo, wakapita Tabora, Ujiji na Kongo, na mwishoni mwa 1875 wakafika pwani ya Angola karibu na Benguela. Alikuwa ameivuka Afrika kutoka bahari hadi bahari kwa miguu yake. Baada ya hapo alipewa pensheni ndogo ya maisha, akaishi Unguja, na huko akafariki dunia mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka kama 65. Wanaojumlisha safari zake husema zinafikia kilometa 9,000 na zaidi.

Hatumfanyi malaika. Alipenda pombe kuliko ilivyompasa Mwislamu na kuliko ilivyoupasa mwili wake, aligombana na wenzake, na mara nyingine mali ya msafara ilimpotea mikononi. Wala hatusemi kwamba safari zile zilikuwa mazoezi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na kuhara damu. Kazi ya kumvunja mtu mgongo si mazoezi, bali ni mateso. Lakini kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipuuza. Sidi Mubarak alipoanza kulivuka bara alikuwa amepita miaka 50, na alipofika Bahari ya Atlantiki alikuwa na miaka kama 55. Huo ndio umri ambao mtumishi wa Serikali yetu anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Basi tujiulize: ni wangapi kati yetu, kwa umri huo, wanaoweza kutoka Mjini Shinyanga hadi Mwadui kwa miguu, hata kwa siku mbili?

Ni kweli kwamba uzima wa mtu una sababu nyingi, na nyingine zimo katika kudura ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo sayansi ya leo imelithibitisha jambo ambalo wasafiri wale waliliishi. Mwaka 1953 huko London, Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Walivaa sare ya shirika moja na kufanya kazi katika basi moja, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na walipopatwa hawakufa haraka kama wao. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi, na mwelekeo wake ni huo huo. Mwili unaotumika mara kwa mara hupunguza hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani, kiharusi, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani, na humsaidia mtu kulala vizuri na kuwa na moyo mkunjufu.

Sababu zake si za kimiujiza. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Moyo uliozoeshwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, na kwa hiyo hauhitaji kuhangaika. Mishipa hubaki na ulaini wake. Mtu akikaa, kazi hizo zote hupungua, na chakula alichokula kikageuka akiba ya mafuta kiunoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 1.8, sawa na 31 kwa kila 100, hawakuwa wakiishughulisha miili yao kwa kiwango kinachotosha.

Je, sisi tumeingiaje katika hesabu hiyo, sisi ambao babu zetu walitembea? Tunaona kwamba mzizi wa jambo hili umo katika historia ile ile ya Sidi Mubarak. Katika msafara, aliyetembea na mzigo alikuwa mtu wa chini, na anayeweza kubebwa alikuwa bwana. Baadaye mkoloni alikuja na machela, na wananchi wa Usukumani waliwabeba mabwana shauri mabegani kama maiti walio hai. Machela yalipokwisha ilikuja motokaa. Wakoloni wameondoka, lakini kasumba imebaki: kwenda kwa miguu ni dalili ya ufukara, na kukaa ni dalili ya cheo. Ofisa atamtuma tarishi ampelekee faili chumba cha tatu. Mkuu wa idara ataagiza dereva amzungushe hadi mlango wa pili wa jengo lile lile. Kitambi kikitokea huitwa neema, mpaka siku mwenye kitambi anapoanguka ofisini na mdomo umekwenda upande.

Hasara hiyo haimwangukii mtu mmoja. Taifa limemsomesha mtumishi huyo kwa miaka mingi, na kiharusi kinamwondoa kazini pale hasa alipoanza kukomaa. Mkewe anageuka muuguzi, watoto wanakatiza masomo, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya nyumba zinaishia kwenye dawa. Katika utumishi wa umma, basi, uvivu wa mwili si siri ya mtu binafsi. Ni upotevu wa mali ya wananchi, sawa na trekta linaloachwa lioze mvuani.

Katika ukanda wetu wa dhahabu jambo hili lina sura yake. Katika njia zile zile za Msalala na Uzinza sasa kuna migodi mikubwa ya Bulyanhulu na Geita. Mchimbaji mdogo na mkulima wa pamba hawahitaji kuhubiriwa mazoezi. Wao wanahitaji kupunguziwa mzigo na kulindwa wasipate madhara. Lakini dereva wa lori kubwa la mawe, mwendesha mitambo, karani, mlinzi wa lango na mwenye duka la vipuri wanakaa saa nyingi, kisha wanarudi nyumbani kwa gari au bodaboda na kukaa tena. Hata baiskeli, ambayo kwa miaka mingi imekuwa fahari ya Msukuma na ambayo ni mazoezi ya kutosha kabisa, kijana wa leo anaionea haya.

Ndugu zetu wa visiwani nao wajitazame. Kisiwa ni kidogo, na ndiyo maana kinadanganya: mtu hudhani kwamba kwa kuwa hakuna mbali pa kwenda hana haja ya kwenda. Mvuvi wa Ukerewe, Kome na Maisome aliyekuwa akipiga kasia sasa anawasha mashine. Mkazi wa Unguja na Pemba aliyekuwa akitoka shamba hadi mjini kwa miguu sasa anangoja daladala kwa mwendo wa nusu saa. Mashine na daladala si maovu, nayo maendeleo hatuyapingi. Tunachosema ni kwamba kila kazi ambayo mashine imeiondoa mwilini mwetu, hatuna budi kuirudisha kwa kipimo kinachofaa.

Serikali haikunyamaza. Zanzibar imejenga desturi ya vikundi vya mazoezi kukutana kila Januari 1, na Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alielekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Tunazipongeza hatua hizo, kwani zimewatoa watu ndani. Lakini tuseme kweli: msafara unaotembea siku moja kwa mwezi haufiki Kaze. Sherehe hufungua njia, na njia yenyewe huendewa kila siku.

Hapa ndipo tunapoirudia hesabu yetu ya kilometa 14. Zaidi ya yote, desturi za msafara zinatufunza jinsi ya kuanza na jinsi ya kudumu. Msafara ulipoondoka pwani, siku ya kwanza ulikwenda mwendo mfupi sana, ukapiga kambi karibu. Waliosahau kitu walirudi kukichukua, na mabega yaliuzoea mzigo. Mtu aliyekaa miaka 10 kitini asianze kwa kukimbia kilometa tano ili kesho yake alale kitandani na goti. Aanze kwa dakika 10 za mwendo wa kawaida, na kila wiki aongeze kidogo. Aliye na shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone mganga kwanza.

Pili, msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kali. Anayekwisha kuamka kwa Sala ya Alfajiri amepata tayari saa iliyo bora, na asiyesali ana jogoo. Tatu, msafara ulikuwa na siku za mapumziko, lakini haukupumzika mpaka ukasahau safari. Kipimo kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Aidha, siku mbili katika wiki mtu aishughulishe misuli yake kwa kazi ya nguvu, kama vile kulima, kuchota maji, kupasua kuni au kunyanyua vitu vizito kwa kiasi. Hatudai kilometa 14. Tunadai mbili au tatu.

Nne, msafara ulikuwa na kirangozi mbele, na bendera, na ngoma, na nyimbo. Peke yake mtu huchoka upesi. Katika kundi huona haya kubaki nyuma. Kila ofisi ya wilaya, kila shule, kila kituo cha afya na kila mtaa uunde kikundi chake, na wakubwa wawe mbele. Mkuu wa idara akitembea kwenda kazini siku mbili kwa wiki atakuwa ameiua kasumba ya machela kuliko waraka wowote atakaoutia sahihi. Mikutano ya watu watatu ifanywe kwa kutembea. Faili la chumba cha tatu lipelekwe na mwenyewe. Anayepanda daladala ashuke kituo kimoja kabla. Akina mama, ambao wengi wao huona soni kukimbia hadharani, watengewe mahali na wakati wa staha.

Sidi Mubarak hakuchagua safari yake ya kwanza. Aliitembea akiwa mateka wa watu. Zile nyingine alizitembea akiwa mtu huru aliyeuza ujuzi wake, ingawa fimbo ya mwajiri haikuwa mbali. Sisi tumepata uhuru mkubwa kuliko wake. Hakuna atuswagaye, hakuna atupigaye, na mzigo wetu ni mwili wetu wenyewe, ambao ni amana tuliyokabidhiwa. Ingekuwa aibu kubwa kama uhuru huo tungeutumia kukaa tu.

Tunatoa wito, basi, kwa viongozi na watumishi wa Shinyanga na Geita, na kwa ndugu zetu wote wa visiwani, wa ziwani na wa bahari: kesho alfajiri, kabla ya gari kuwashwa, kila mmoja apige kambi yake ya kwanza, iliyo karibu. Keshokutwa asogee mbele kidogo.